Bustani Yangu ya Bangwe na Ukuta wa Jirani

Nilipostaafu kazi ya bandarini Kigoma nilikuwa na mambo mawili tu ya kujivunia: watoto waliosoma, na nyumba ya vyumba sita niliyoijenga kidogo kidogo kwenye mteremko wa Bangwe. Asiyepajua Bangwe na afahamu kwamba ni rasi inayoifunga ghuba ya Kigoma upande wa kusini, njia ya kuelekea Ujiji. Udongo wake ni mwekundu, vilima vyake vimesimama wima, na mtu akiketi barazani jioni huliona ziwa lote hadi milima ya Kongo. Uzuri huo una gharama yake. Maji yote ya mvua yanayoanguka juu ya kilima yanataka kushuka ziwani, na kati ya kilima na ziwa ndipo tulipojenga sisi.

Mwaka 2019 nikashikwa na tamaa ya bustani. Nilikuwa nimefikiri kwamba vyumba viwili vya mbele ningeweza kuwapangisha wageni wanaokuja kutazama sokwe wa Gombe, na mgeni, niliambiwa, hulipia anachokiona kabla hajalipia kitanda. Ndipo alipokuja kijana mmoja mtanashati, mwenye viatu visivyo na vumbi, akanipa kadi iliyoandikwa kwamba yeye ni mbunifu wa mandhari. Alitoa mchoro wa rangi: njia za vitofali vya saruji, nyasi za ukoka, maua ya mabogenvilia, taa ndogo chini ya miti. Nikaupenda mchoro ule kama mtoto apendavyo pipi. Nilimwuliza swali moja tu, nalo lilikuwa la bei.

Nilikuwa na mzee mmoja wa Ujiji aliyenisaidia kutunza shamba. Mzee yule hakupata kukaa darasani hata siku moja, lakini aliujua udongo wa huku kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Alipoona wafanyakazi wa yule kijana wanakata vichaka vya ukingoni na kusawazisha ardhi, alinivuta pembeni akaniambia, "Mzee mwenzangu, maji ya hapa yana njia yake ya tangu zamani. Hawa wanaiziba." Nilimjibu kwa kiburi ambacho hadi leo kinaniona haya nikikikumbuka. Nilimwambia kwamba haya ni mambo ya kitaalamu.

Kazi ilikwisha mwezi wa Septemba. Ua mzima ulisakafiwa, ukasimamishwa ukuta wa kuzuia udongo upande wa chini, na katika ukuta ule likaachwa bomba moja la kutolea maji. Bomba lile lilitazama kiwanja cha jirani yangu. Huyo ni bibi mjane, anaishi na mjukuu wake katika nyumba ya tofali za udongo aliyojengewa na marehemu mumewe, mvuvi. Sikuliona bomba lile. Nasema kweli, sikuliona, kwa maana macho yangu yote yalikuwa kwenye maua.

Mvua za Novemba mwaka ule zilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima. Usiku mmoja tulisikia kishindo. Nilidhani ni radi. Kulipokucha nikakuta ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi umelala chini, na korongo jipya limechimbwa kutoka mdomo wa bomba langu hadi kwenye kitanda cha mjukuu. Mtoto hakuwamo. Paa la chumba kile lilikuwa likivuja tangu jioni, basi bibi alikuwa amemhamishia kwake. Tundu moja la bati ndilo lililomwokoa mtoto yule, wala si busara ya mtu yeyote, na yangu ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Bibi hakunitukana. Alisimama juu ya tope akitazama bomba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ni nani aliyekuchorea haya?"

Nikampigia simu yule kijana. Mara ya kwanza ililia bila kupokelewa. Mara ya pili haikupatikana tena. Tulikwenda mahali kadi iliposema kuna ofisi, tukakuta duka la simu, na mwenye duka hakupata kumsikia. Mwenyekiti wa mtaa aliniuliza kama tulikuwa na mkataba. Nilimwonyesha mchoro. Akaugeuza mbele na nyuma, akauliza, "Sahihi iko wapi?" Haikuwapo. Ulikuwa mchoro mzuri usio na mtu ndani yake.

Binti yangu amesomea ubunifu wa mandhari, na wakati ule alikuwa akifanya mazoezi ya kazi katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Ndugu msomaji atashangaa: mwenye binti wa namna hiyo aliwezaje kumwajiri mpita njia? Jibu ni la aibu. Niliposikia "mandhari" nilidhani anajifunza kupanda maua, na maua nikayaona kazi ya kumfanyia mzazi bure wakati wa likizo, si jambo la kumwomba ushauri. Nilipomsimulia yaliyotokea, alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu. Kisha akauliza, "Baba, namba yake ya usajili ni ngapi?"

Nilidhani anauliza namba ya gari.

Hapo ndipo nilipoanza kusomeshwa na mwanangu, na yafaa niyaeleze niliyoyasoma kwa sababu naamini wengi wetu hatuyajui. Mbunifu wa mandhari si mtunza bustani mwenye nguo safi. Kazi yake ni kupanga ardhi iliyo nje ya kuta za jengo: wapi pakatwe na wapi pajazwe, maji yapite wapi na kwa kasi gani, mti gani ushike udongo gani, watu na magari wapite wapi. Maua huja mwisho. Binti yangu alinipa hesabu moja ambayo sijaisahau. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya ua wa mita za mraba 400 uliosakafiwa, ni lita 16,000. Hayo ni mapipa 80 ya lita 200. Ua wenye nyasi, vichaka na udongo laini hunywa sehemu ya mapipa hayo na kuyachelewesha mengine. Ua wangu ulikuwa ukiyamwaga karibu yote kwa pamoja, kupitia bomba moja, juu ya mtu mmoja.

Fani hii imepata kugusa maisha ya nchi yetu kuliko tunavyodhani. Mpango wa mji mkuu wa Dodoma wa mwaka 1976 ulitayarishwa na Project Planning Associates, kampuni ya Toronto, Kanada, na kiongozi wake, Macklin Hancock, alikuwa mtu aliyesomea ubunifu wa mandhari.

Kuhusu sheria, mambo yamekwenda polepole. Mwaka 1972 Tanzania ilitunga sheria ya kuwasajili wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi chini ya bodi moja. Mwaka 1997 makandarasi wakapewa bodi yao, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji wakabaki na ya kwao. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2010, ambayo ndani yake Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi huwaandikisha pia watu wa fani zinazokaribiana na hizo, wakiwamo wabunifu wa mandhari. Mhitimu wa chuo haingii moja kwa moja. Hufanya kazi chini ya mtu aliyekwisha kusajiliwa, huandika alichofanya, na hupimwa kabla ya kupewa haki ya kusimama peke yake. Akikosa uaminifu au akifanya kazi kwa uzembe, Bodi inaweza kumwita, kumhoji na kumfuta. Na mtu akijiita hivyo huku hakusajiliwa, anavunja sheria.

Majirani zetu wa Kenya wamepita njia nyingine. Sheria yao, ambayo asili yake ni ya mwaka 1934, ilijengwa juu ya wabunifu majengo na wakadiriaji, na kwa miaka mingi wabunifu wa mandhari wamejikusanya katika tawi lao ndani ya chama cha Architectural Association of Kenya. Chama ni kitu chema, lakini chama humwadhibu mwanachama. Asiyejiunga kinamfanya nini?

Mimi, kwa kuwa ni mbishi, sikuyakubali yote. Nilimwuliza binti yangu: Mbona Frederick Law Olmsted, yule Mmarekani aliyebuni Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux mwaka 1858, hakuwa na shahada wala leseni? Alikuwa amekuwa mkulima na mwandishi wa magazeti, na nchini mwake jimbo la kwanza kuwapa leseni wabunifu wa mandhari, California, lilifanya hivyo mwaka 1953, yeye akiwa amekwisha kufa miaka 50 iliyopita. Mbona René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, mwaka 1971 alianza kupanda mivinje juu ya jiwe tupu la machimbo ya saruji ya Bamburi karibu na Mombasa, akawatumia majongoo kusaga majani yake yawe udongo, na leo ni msitu? Na miembe ya Ujiji, ambayo wasafiri wote huisifu, ilipandwa na nani mwenye muhuri? Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe, je, mwembe ule ulikuwa na namba?

Binti yangu alicheka, kisha akanijibu neno ambalo bado nalitafakari. "Baba, mwembe ukinyauka hasara ni yako. Leseni haipo kwa ajili ya mwembe. Ipo kwa ajili ya bibi wa chini. Wewe ulichagua, wewe ulilipa, wewe ulifurahi. Yeye hakuchagua kitu, na maji yakaenda kwake."

Ni kweli. Katika mambo mengi mnunuzi akidanganywa anadanganywa peke yake. Mshonaji akiharibu suruali, mimi ndiye nitakayeivaa. Lakini anayekata mteremko hufanya kazi juu ya ardhi ya watu ambao hata hajapata kuwasalimu. Mwaka 2013 ghorofa liliporomoka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36, na taifa zima likauliza ni nani aliyechora na ni nani aliyeidhinisha. Kwa jengo, swali hilo tumekwisha kulizoea. Kwa ua, mfereji na ukuta wa kuzuia udongo, bado tunadhani ni urembo.

Na huku kwetu kuna jambo jingine, nalo ni ziwa lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria njema, ila ziwa hili halikai mahali pamoja. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliikuta michikichi aliyoiona karibu na soko mwaka 1871 imesimama ndani ya maji. Miaka michache baadaye mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua njia yake na ziwa likashuka tena. Katika miaka ya 2020 na 2021 lilipanda mbele ya macho yetu, likaingia majumbani na kwenye biashara za ufukweni. Sasa, mita 60 zihesabiwe kutoka ukingo upi, wa babu au wa mwaka huu? Mwenye futi ya chuma peke yake hawezi kujibu. Anatakiwa mtu aliyefundishwa kusoma ardhi, ajuaye ziwa lilipata kufika wapi, na zaidi ya hayo awe mtu ambaye akikosea tunajua pa kumpata.

Sitaki nionekane kama nimegeuka karani wa Bodi. Wataalamu hawa ni wachache, na wengi wako mbali na Kigoma. Mfanyakazi anayejenga vyumba viwili kwa mshahara wa mwezi hadi mwezi hawezi kumlipia mtu nauli kutoka Dar es Salaam aje kumwonyesha pa kupanda mpapai, wala hahitaji. Naona tungeanza na waliokata mteremko na waliosakafia viwanja vikubwa: mahoteli, shule, vituo vya mafuta, na wazee wenye tamaa kama mimi. Kibali cha ujenzi kikiombwa, pawe na mtu mmoja ofisini wa kuuliza maji ya uani yatatokea wapi. Mimi hakuniuliza mtu. Ramani ya nyumba yangu ilikaguliwa hadi upana wa madirisha, lakini uani ulikuwa mweupe kwenye karatasi, kama kwamba nyumba inaelea hewani.

Ukuta wa bibi niliujenga upya kwa fedha zangu, kwa tofali za kuchoma. Hilo halikuwa na mjadala. La bustani ndilo lililonitia majaribuni. Nilimwomba binti yangu aje achore yeye, aweke sahihi, tuyamalize nyumbani. Alikataa. "Bado sijasajiliwa, baba. Nikitia sahihi nitakuwa kama yule." Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto, kuhusu ada nilizolipa na mikopo ya chama cha akiba. Hakunijibu vibaya, wala hakubadilika. Wiki mbili hatukusemezana, na mama yake akawa posta kati yetu.

Mwishowe alikuja wakati wa kiangazi cha mwaka 2020, pamoja na mama mmoja ambaye alikuwa msimamizi wake kazini, mwenye namba. Mama yule alitembea kilima chote kwanza kabla ya kuutazama ua wangu. Kisha akaomba kuonana na mtu aliyekuwa akitunza shamba. Nikamwita mzee wa Ujiji, huku nikiwa sijui niweke wapi uso wangu. Walizunguka pamoja asubuhi nzima, mzee akionyesha kwa fimbo yake mahali maji yalipokuwa yakipita kabla ya saruji, mama akiandika. Hakuna hata mara moja alipomwambia kwamba haya ni mambo ya kitaalamu.

Tulibomoa zaidi ya nusu ya vitofali. Kiwanja kilikatwa ngazi tatu za mawe yaliyopangwa kufuata usawa wa kilima, na mzee ndiye aliyepigilia vigingi kwa kipimo cha miti mitatu yenye umbo la herufi A na uzi wenye jiwe, chombo ambacho hakina betri na hakidanganyi. Kwenye kingo zikapandwa nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huenda chini sana, na nyuma yake mananasi. Michikichi miwili ilibaki. Bomba likazibwa, na badala yake mfereji wa mawe ukapeleka maji kwenye kalvati la barabara, baada ya kuomba ruhusa kwa wahusika na kuipata kwa maandishi. Ada ya mama yule ilikuwa kubwa kuliko ya kijana wa kwanza, sitaficha. Lakini ukijumlisha ya kijana, ukuta wa bibi na gharama ya kubomoa, hesabu inageuka.

Si bustani ya kadi ya posta. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini mananasi yako mbele na maua nyuma. Mvua za miaka iliyofuata zilikuwa nzito pia, na ngazi zile zilisimama, isipokuwa pembe moja iliyobomoka kidogo, tukaandika barua, mama yule akajibu ndani ya wiki na kuelekeza marekebisho. Barua ile naithamini kuliko mchoro.

Mchoro wenyewe una sahihi, jina na namba upande wa chini, nami nauweka pamoja na hati ya kiwanja. Siku kazi ilipokwisha nilimpelekea bibi nakala, nikamweleza kwamba jambo lolote likitokea huyu ndiye wa kuulizwa, baada yangu mimi. Bibi hajui kusoma. Aliishika karatasi ile kwa mikono miwili, akaniomba nimsomee namba taratibu, mara mbili. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwambia aiandike kwa mkaa kwenye ukuta mpya, kando ya mlango, mahali ambapo mvua haifiki.